Ranchi Inauzwa, na Mnyama Aliye Ndani Je?

Usiku wa pili tangu nilipofika Suna, tulipokwisha kusali Isha na kurudi barazani, mwenyeji wangu alinitolea karatasi iliyokunjwa mara nne. "Maalim," akanambia, "wewe umesoma chuoni na umesoma na kizungu. Nisomee hii, kisha unambie kama biashara yake yasihi."

Kwa msomaji asiyefika upande ule, Suna ni jina la zamani la Migori na viunga vyake, kule Nyanza ya Kusini, si mbali na mpaka wa Tanzania. Majina ya wilaya na kaunti yamekuja na mengine yamepita, lakini wazee bado husema "naenda Suna", na majimbo mawili ya uchaguzi yangali yakiitwa Suna Mashariki na Suna Magharibi. Waislamu ni wachache ukiwalinganisha na wenyeji wengine, ila msikiti upo, adhana yasikika, na kahawa chungu hupatikana kwa ajuaye mlango wa kubisha. Mwenyeji wangu ni katika hao wachache. Ni muuza vitambaa. Babu yake alitoka huku kwetu Mwambao, akaenda bara kwa biashara, akaoa, akazikwa huko huko. Kiswahili chake kina lafudhi ya ziwani, lakini ukimtajia samaki wa kupaka utaona uso wake unavyobadilika.

Karatasi ile ilikuwa tangazo. Mwanawe afanyaye kazi Afrika ya Kusini alimletea, nadhani kwa mzaha, akimjua babake kuwa ni mtu wa kupenda maneno ya bei. Ranchi ya kuwindia inauzwa. Imeendelezwa si kwa ng'ombe bali kwa wanyama pori wa asili ya nchi ile. Ina nyumba ya wageni, visima, njia za gari, na ua wa waya unaompita mtu kwa urefu, umezunguka ardhi yote. Kisha ikafuata orodha ya wanyama waliomo, kama mtu auzavyo duka pamoja na bidhaa zilizo rafuni: pofu kadhaa, choroa kadhaa, swala pala, punda milia, na korongo.

Nilipolitamka hilo la mwisho mzee alinishika mkono. "Korongo? Korongo huyu wetu wa Lambwe?"

Huyo huyo. Sisemi ndege mwenye miguu mirefu, wala bonde lililochimbwa na mvua. Huyu ni katika jamaa wa swala wakubwa, kimo chake kama farasi, pembe zimepinda kurudi nyuma, uso mweusi wenye mabaka meupe, na masikio marefu kama ya punda. Katika Kenya nzima leo amebaki mahali pamoja tu, nako ni bonde la Lambwe katika Homa Bay, safari ya asubuhi moja kutoka pale barazani tulipokuwa tumekaa.

"Sasa, Maalim," akasema mzee, "huku kwetu serikali yamlinda kwa bunduki. Mtu akimgusa hufungwa. Huko wamuuza na nyumba, kama kabati. Ni nani aliyekosea?"

Nilimwomba usiku mmoja wa kufikiri, kwani swali lenyewe ni zito kuliko linavyoonekana. Nilikumbuka darasa letu la zamani, na ile Minhaji ya Imamu Nawawi ambayo sisi Mashafii tumelelewa nayo. Kumo humo mlango wa kuwinda. Mnyama wa mwitu, kwa sheria, hana mwenyewe. Humilikiwa na yule anayemshika. Kuingia tu katika shamba lako hakumfanyi kuwa wako. Hata akikwama topeni ndani ya mpaka wako, ukawa unaweza kumshika, kwa kauli iliyo sahihi zaidi bado si mali yako mpaka umshike. Lakini ukimsukuma mpaka mahali pa dhiki asipoweza kutoka, hapo umemmiliki. Tulipokuwa watoto masuala haya tulikuwa tukiyacheka. Nani Mombasa hukwamiwa na paa topeni? Kumbe miaka yote ile yalikuwa yakiningoja Suna.

Maana ua wa waya ni nini? Ukizunguka chumba, ni mahali pa dhiki. Ukizunguka ekari elfu kumi za miti na majani, je, umemshika mnyama, au umeufungia mwitu tu? Na anayenunua korongo walioandikwa katika karatasi, ambao siku hiyo wako nyuma ya kilima, kwa nini asiambiwe kuwa ni kama anayenunua samaki aliye baharini, biashara ambayo kila mwanafunzi wa chuo ajua kuwa imeingia gharari?

Waafrika ya Kusini walilijibu suala hilo kwa sheria yao ya mwaka 1991 juu ya wizi wa wanyama pori. Ardhi ikiwa na ua wa kutosha uliokubaliwa na serikali, mnyama aliye ndani ni mali ya mwenye ua, na hata akitoroka haki yake haipotei. Tangu hapo mnyama akawa rasilimali. Wakulima waliokuwa wakimfukuza kwa mbwa ili majani yabaki kwa ng'ombe, wakaanza kuwauza ng'ombe ili majani yabaki kwa mnyama. Ranchi za namna ile zimekuwa maelfu, na korongo ambaye alikuwa adimu sana nchini mwao sasa wamo kwa maelfu katika mashamba ya watu binafsi. Yana upuuzi wake pia. Mwaka 2016 robo ya nyati dume mmoja iliuzwa kwa randi milioni 44. Si robo ya nyama, bali robo ya umiliki wa dume mzima aliye hai, kwa ajili ya mbegu yake. Mzee nilipomhadithia aliuliza kwa dhati kabisa kama ni robo ya mbele au ya nyuma. Bei zile baadaye ziliporomoka, na walioingia mwisho walitoka na hasara, kama ilivyo desturi ya kila mnada wa kichaa.

Asubuhi tulipanda matatu, mimi na mzee, tukapita mashamba ya miwa ya Awendo, tukapita Rongo, tukateremkia Homa Bay, kisha tukashika njia ya Lambwe. Bonde limelala baina ya milima ya Gwassi na Gembe upande mmoja na ukingo wa Kanyamwa upande wa pili. Majani ni marefu, yamechanganyika na migunga, na hewa ina joto la ziwa ingawa ziwa lenyewe huwezi kuliona. Ndani ya bonde hilo imo Mbuga ya Taifa ya Ruma, yenye eneo la kilomita za mraba 120. Ilianza mwaka 1966 kwa jina la hifadhi ya wanyama ya Lambwe, na sababu kubwa ya kuanzishwa kwake ilikuwa korongo. Mwaka 1983 ikafanywa mbuga ya taifa na kupewa jina la Ruma.

Lakini kabla ya serikali kufikiria kumlinda, korongo alikuwa na mlinzi wake. Mlinzi huyo hakuwa na bunduki, alikuwa mbung'o. Bonde la Lambwe lilijulikana kwa inzi huyo kuliko kwa kitu chochote. Alileta nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu, ugonjwa ule ule uliomaliza maelfu kwa maelfu pembezoni mwa ziwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo watu walikaa juu ya kingo, wakaliacha bonde kwa wanyama. Serikali ya mkoloni ilipotaka kuwapa watu makazi pale, na serikali ya uhuru ilipoendelea, vita vikawa na mbung'o. Vichaka vilikatwa, mitego ya nguo za buluu na nyeusi ikasimamishwa, na malale ilipozuka tena mwanzoni mwa miaka ya 1980 dawa ilinyunyizwa kutoka angani kwa ndege. Wataalamu wa kituo cha wadudu cha ICIPE kilichoko Mbita, jirani ya bonde, wamemsoma inzi huyo kama tusomavyo msahafu.

Alhamdulillahi, watu walipona. Siku hizi habari za malale pale ni za kusimuliwa na wazee. Ila mbung'o alipopungua, jembe lilifika mpaka ukingoni mwa mbuga, na nyuma ya jembe ng'ombe, na nyuma ya ng'ombe tanzi la waya. Sitaki msomaji anifahamu vibaya kwamba naulilia mbung'o. Nasema tu kwamba mlinzi wa kwanza aliondoka kazini, na aliyekuja baada yake, mwenye sare na bunduki, hakuwa popote usiku na mchana kama alivyokuwa yule mdogo mwenye mabawa.

Hesabu zinaeleza. Mwaka 1976 korongo wa Lambwe walikuwa wakipindukia 200. Mwaka 2009 walikuwa hawafiki 40. Katika sensa ya wanyama pori ya nchi nzima iliyofanywa mwaka 2021 walihesabiwa 15. Matanzi yamewaua, mioto ya ovyo imewaharibia malisho, fisi na chui wamewala ndama wao, na walipokuwa wachache wakaanza kuzaana wenyewe kwa wenyewe. Sasa kumezungushwa ua mwingine ndani ya mbuga ili korongo wakae mbali na wanaowala. Kwa hiyo hata sisi, ambao hatuna ranchi za kuuza, tumefika kwenye ua.

Tuliingia kwa gari la kukodi lenye mlango mmoja usiofunguka. Tuliona twiga, ambao ni wageni walioletwa pale. Tuliona swala pala, kongoni wenye nyuso ndefu za huzuni, na taya, kiswala kidogo kinachoruka kama kimekanyaga kaa la moto. Faru hatukuwaona, ingawa wapo. Wapo weusi walioletwa mwaka 2012 baada ya majangili kuwasumbua kwenye ranchi moja ya Laikipia. Korongo pia hatukumwona. Askari kijana tuliyekuwa naye, mzaliwa wa huko huko, alituomba radhi kama mwenye nyumba ambaye mgeni amekuta hakuna chakula.

Nje ya lango, chini ya mti ambapo wanawake huuza ndizi, tulizungumza na mtu mzima mmoja. Mzee wangu alimsalimu kwa Kijaluo, wakacheka kidogo, kisha mimi nikauliza juu ya korongo. Akanijibu kwa Kiswahili safi: "Babangu alimla. Mimi nilimla nikiwa mtoto. Watoto wangu hawamjui. Wageni huja wakalipa, fedha zikaenda Nairobi, na fisi wa mbuga huja usiku kwangu kula mbuzi. Niambie wewe wa pwani, mnyama huyo ni wa nani?"

Sheria ya Kenya yasema ni wa taifa. Kwa hiyo ni wake pia, kwa sehemu yake moja katika mamilioni. Nilitaka kumwambia hivyo, nikaona haya.

Nilipokuwa narudi garini nilikumbuka jambo ambalo pwani tumelisahau. Korongo amewahi kukaa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walichukuliwa kutoka vilima vya Ithanga, karibu na Thika, ambako ardhi ilikuwa ikienda kwa wakulima, wakaletwa Shimba Hills, Kwale. Mimi mwenyewe niliwaona. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na kitu, ami yangu alikuwa dereva wa lori la mbao, akanichukua siku ya mapumziko ya chuo. Wawili walisimama ukingoni mwa msitu, asubuhi yenye ukungu, masikio yao yakitikisika. Ami akasema, "Hao si wenyeji. Hao wametoka bara." Kwa muda walistawi, kisha wakaanza kupungua, na katika miaka ya 1990 wakatoweka. Sikumbuki kama gazeti lolote liliandika tanzia yao. Palahala, binamu yao mweusi mwenye pembe kama jambia, bado yuko Shimba Hills, na hapo ndipo mahali pake pekee katika Kenya. Sensa ile ya 2021 ilimhesabu 51. Msomaji wa Kwale na Likoni ajue basi kwamba shauri hili la Lambwe liko mlangoni kwake, na limebakiwa na muda mfupi tu kuliko anavyodhani.

Wala isidhaniwe kwamba ranchi ya kuwindia ni jambo la kigeni kabisa katika nchi hii. Ilikuwako, tena nyuma ya Malindi. Mwaka 1960, baada ya serikali kuwafunga Walangulo wengi kwa kuwinda ndovu katika Tsavo, bwana mmoja wa idara ya wanyama, Ian Parker, alisimamia mpango wa kando ya mto Galana. Fikira yake ilikuwa nyepesi: hawa ndio wanaomjua ndovu kuliko mtu yeyote, wanamwinda kwa upinde mkubwa na mshale wa sumu, badala ya kuwafanya wezi, waandikwe kazi, wawinde kwa kiasi kilichokubaliwa, na pato liwafae. Mpango haukudumu. Ilipokaribia mwisho wa miaka ya 1960 ardhi ile, kiasi cha ekari milioni moja na nusu, ilikodishwa kwa kampuni iliyoongozwa na Mmarekani Martin Anderson, na ikawa ranchi ya ng'ombe na ya kuwindia kwa pamoja. Wageni matajiri walikuja kupiga ndovu na nyati. Katika miaka ya 1970 ulifanywa pia mtihani wa kufuga choroa kama ng'ombe, kwa kuwa mnyama huyo huvumilia kiu mahali ambapo ng'ombe hufa, na choroa wakafuata mchungaji wao asubuhi na kurudi zizini jioni.

Tarehe 19 Mei 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji wote wa michezo, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya ngozi, pembe na nyara nyinginezo. Sababu zilikuwapo. Ndovu walikuwa wakichinjwa kupita kiasi, na leseni ilikuwa kivuli cha wezi wakubwa. Nasi wa pwani tusijifanye tumezaliwa jana. Pembe zile zilipita bandarini mwetu, na nyumba ngapi za mawe katika miji yetu zilijengwa kwa faida yake hesabu anayo Mola. Galana ikabaki na ng'ombe. Mwaka 1989 serikali iliichukua ranchi. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alizindua mradi mkubwa wa mahindi ya kumwagiliwa pale pale, Galana-Kulalu, na maneno mengi yamesemwa juu ya mradi ule ambayo si ya ukurasa huu.

Kitu kimoja cha namna ile kilisalia kwa muda. Katika Athi, David Hopcraft, mzaliwa wa Kenya, alizungushia ua kama ekari elfu ishirini, akapunguza ng'ombe na kuwaacha swala, kongoni na nyumbu. Alipata ruhusa ya kuvuna baadhi yao kwa kiasi, na nyama ikauzwa mahotelini Nairobi. Hakukuwa na mtalii mwenye bunduki wala picha ya mtu amekanyaga simba. Mwaka 2003 serikali ilisimamisha mavuno hayo kila mahali. Sheria ya 2013 inaruhusu kufuga mamba na mbuni kwa leseni, lakini uwindaji wa michezo ingali inaukataza.

Sasa mtu angetumai kwamba baada ya kumwondolea mnyama bunduki, ameongezeka. Joseph Ogutu na wenzake walipochapisha mwaka 2016 hesabu zao za wanyama wa nyanda za Kenya tangu 1977, mwaka ule ule wa marufuku, waliona kwamba kwa wastani wamepungua kwa asilimia 68. Uzio, shamba, ng'ombe, ukame, tanzi. Marufuku ilimtoa mnyama mikononi mwa tajiri wa leseni, ikamwacha katika waya wa maskini, na katikati yao hapana mtu aliyepewa sababu ya kumtaka awe hai.

Wenye ranchi wakisikia hivyo hufurahi, na husema: "Mwone, mpeni bei!" Hapo mimi nasita. Wengi wetu tuna jamaa Oman, na wao wanaijua habari ya choroa mweupe wa Kiarabu. Mwaka 1972 wa mwisho aliyekuwa huru aliuawa katika jangwa la Oman. Wachache waliokuwa wamehifadhiwa katika bustani za wanyama walizalishwa, na mwaka 1982 kundi la kwanza likafunguliwa katika Jiddat al-Harasis. Walinzi wao walikuwa Waharasis wenyewe, wachungaji wa ngamia wa jangwa lile, na watu wale waliona fahari. Kufikia mwaka 1996 choroa walikuwa kama 450, na mahali pale palikuwa pameandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Kisha bei ikaingia. Palikuwa na matajiri waliotaka choroa hai katika bustani zao, na palitokea watu wa kumkamata usiku kwa gari. Mwaka 2007 walikuwa wamebaki 65, majike na madume wa kuzaa yakiwa kama jozi nne. Mwaka huo huo UNESCO iliifuta hifadhi ile katika orodha yake, ya kwanza kufutwa duniani, baada ya Oman kuipunguza kwa asilimia 90.

Kwa hiyo bei moja imemjaza korongo katika ranchi za kusini, na bei nyingine imemmaliza choroa jangwani. Tofauti nionayo mimi haiko katika bei. Kusini bei ilimfikia mtu anayekaa na mnyama, akiamka naye na kulala naye, na anayejua kwamba dume wa leo akiuzwa, ndama wa kesho ni wake. Kule jangwani bei ilikwenda kwa mwenye gari la usiku, na Mharasisi akabaki na mshahara wake. Ranchi za kusini nazo zina aibu yao: mwenye ua aghalabu ni mtu mmoja, tena wa rangi moja, na waliokuwa wakikaa pale kabla ya ua wako nje ya ua. Mnyama ameokoka, jirani yake je? Sioni kwamba Lambwe yafaa kuuzwa kwa mtu mmoja ili korongo waishi. Lakini yule bwana wa chini ya mti wa ndizi hana ua, hana bei, hana hata mshahara wa mlinzi. Ana fisi tu.

Katika dini yetu kuwinda kwa chakula ni halali, na kumuua mnyama kwa mchezo bila haja ni jambo ambalo hata shomoro atalidai siku ya hukumu, kama tulivyofundishwa. Na tulifundishwa pia kwamba Mtume, sallallahu alayhi wasallam, alizuia kuwinda katika haramu ya Madina, na kwamba palikuwapo na malisho yaliyotengwa, hima, kwa manufaa ya umma. Wahifadhi wa siku hizi wakizungumza nasi juu ya mbuga hutujia kana kwamba jambo hilo lilianzia Uingereza. Laiti wangekuja msikitini Kwale, au wakakaa na watu wa Lambwe makanisani mwao, wangekuta maneno tayari yapo, yanangoja kuulizwa: hima hii ni ya nani, na anayeikosa mbuzi wake atalipwa na nani, tena kwa muda gani? Sheria ya fidia ipo. Ila waliongoja fidia hiyo, Taita na Kwale na Lamu, wanajua urefu wa foleni.

Tulirudi Suna magharibi imeshapita. Mzee alinitilia kahawa, akaitoa tena ile karatasi mfukoni, sasa imelainika kwa kukunjwa.

"Haya, Maalim. Usiku wako umekwisha. Yasihi au haisihi?"

Nikamwambia ardhi yasihi, nyumba yasihi, visima vyasihi. Juu ya korongo, ikiwa wako mahali pa dhiki wanaweza kushikwa wakahesabiwa mbele ya mnunuzi, wapo watakaosema yasihi. Ikiwa wanakimbia katika ekari elfu kumi, mimi singetia saini.

Akafikiri. "Na kule Lambwe, wamebaki wangapi ulisema?"

"Walihesabiwa kumi na watano."

"Na humu katika karatasi?"

Nikasoma tena. Walikuwa wameandikwa thelathini na wawili, katika ranchi moja tu, ya mtu mmoja anayetaka kuhamia mjini kwa sababu ya uzee.

Mzee aliichukua karatasi, akaiweka ndani ya daftari lake la madeni, baina ya kurasa za watu ambao hawajalipa.